Kimenipendeza na Ni Kizuri: Wajibu wa Kimaadili katika Maoni ya Msomaji, kwa Mifano ya Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Swali la nani ana haki ya kukisema kitabu ni kongwe katika taaluma ya uhakiki, ila mara nyingi limejibiwa kana kwamba ni swali la ujuzi tu. Upande mmoja wamesimama wale wanaoshikilia kuwa kazi ya fasihi ihukumiwe na aliyeisomea kazi hiyo. Upande wa pili wamo wanaodai kuwa kila msomaji ana ladha yake na kwamba ladha haina mahakama. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa pande zote mbili zimekikwepa kiini cha jambo. Kutoa maoni juu ya kitabu ni tendo la kimaadili kabla halijawa tendo la kitaaluma, kwa sababu anayeyatoa huwasema watu wasiokuwapo: mwandishi, ambaye aghalabu hawezi kujibu, watu waliosawiriwa kitabuni, ambao wengine wana wajukuu walio hai, na wasomaji wajao, ambao huenda wasikifungue kitabu hicho kamwe kwa ajili ya neno moja walilolisikia.

Barabara itokayo Nairobi kwenda Thika inafaa kuwa uwanja wa mjadala huu. Katika masafa yasiyofika kilomita hamsini msafiri hupita Kahawa, ambako kambi ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Templer iligeuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta mwaka 1965, na hatimaye chuo kikuu kamili mwaka 1985. Hupita Ruiru, penye utafiti wa zao la kahawa. Hupita Juja, penye chuo kikuu kingine. Kisha huingia Thika, mji wa viwanda na mananasi ambao wasomaji wa ughaibuni wanaujua kwa sababu ya kitabu kimoja. Shamba la Juja lilipata kumilikiwa na mlowezi William Northrup McMillan. Baada ya kifo chake ilijengwa Nairobi maktaba ya kumkumbuka, ikafunguliwa mwaka 1931, na kwa muda mrefu ikawahudumia Wazungu peke yao. Kwa hiyo nchi hii ina kumbukumbu ya wakati ambapo maoni ya wengi hayakuhitaji kukanushwa. Ilitosha kuwanyima kitabu.

Leo kitabu kinapatikana na maoni ni mengi. Penye wengi pana mengi, husema wahenga, na methali hiyo haielezi iwapo wingi huo ni neema au ghasia. Sehemu zifuatazo zinatafuta kigezo cha kutenganisha hali hizo mbili.

2.0 Sarufi ya Maoni

Msomaji wa Kiswahili anayemaliza kitabu ana njia mbili za kukisifu. Anaweza kusema "kimenipendeza", au anaweza kusema "ni kizuri". Katika mazungumzo ya kawaida kauli hizi hubadilishana nafasi bila mtu kushtuka, lakini sarufi yake haifanani. Katika kauli ya kwanza kitabu ndicho kiima, nacho kimemtenda mtu fulani. Mtu huyo amebaki ndani ya kitenzi, katika kiambishi -ni-. Katika kauli ya pili ipo "ni" nyingine, ya sura ile ile, ila si nafsi tena. Ni kitenzi kishirikishi tu, kinachokiunganisha kitabu na sifa yake. Shahidi ameondoka chumbani na kuacha hukumu mezani.

Tofauti hii inalingana na ile aliyoieleza Immanuel Kant mwaka 1790 alipopambanua kati ya kinachomfurahisha mtu na kilicho kizuri. Anayesema kuwa kinywaji fulani kinamfurahisha hadai kitu kwa jirani yake. Anayesema kuwa kitu ni kizuri, kwa mujibu wa Kant, huwadai wengine wote wakubaliane naye, ingawa hana kanuni ya kuwalazimisha. Hivyo basi, katika kuruka kutoka "kimenipendeza" hadi "ni kizuri" pana deni. Msomaji amewadai wengine ukubali wao. Nao wana haki ya kumdai sababu.

Hapa ndipo wajibu unapoanzia, na ni vyema mipaka yake ionekane mapema. Raha ya kusoma haina deni kwa yeyote. Mtu anayejifungia na kitabu apendacho, hata kiwe hafifu namna gani, hajamkosea mtu. Aidha, anayesema "kimenipendeza" na kuishia hapo ametoa ushahidi wa kweli ambao hakuna mhakiki awezaye kuupinga. Wajibu humwangukia yule aliyekwisha kuiondoa nafsi yake katika kauli na kuzungumza kwa niaba ya wote. Kosa la kimaadili katika maoni mengi ya wasomaji, wakiwamo wasomi, ni kutoa hukumu kwa mamlaka ya ushahidi ambao umefichwa. Haijulikani msomaji alisimama wapi alipokuwa akisoma, wala kitabu kilimtenda nini.

Nadharia ya upokezi ilikwisha kuligusa jambo hili kwa njia yake. Hans Robert Jauss alisisitiza kuwa kila kizazi husoma kikiwa na upeo wake wa matarajio, naye Stanley Fish akaeleza kuwa maana huzalishwa na jumuiya za wafasiri. Nadharia hizo zinaeleza kwa nini maoni hutofautiana. Hazisemi wasomaji wa jumuiya mbili wanadaiana nini wanapokutana juu ya kitabu kimoja.

3.0 Mwonjaji wa Ruiru

Katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, David Hume alikitumia kisa alichokitoa katika riwaya ya Cervantes. Jamaa wawili wa Sancho Panza waliitwa kuonja mvinyo wa pipa. Mmoja aliusifu, ila akasema una ladha ya ngozi. Wa pili aliusifu pia, ila akasema una ladha ya chuma. Walichekwa wote wawili. Pipa lilipomiminwa lote, ulikutwa chini yake ufunguo uliofungwa ukanda wa ngozi. Kwa Hume, ufunguo huo ni dalili kuwa ladha, ingawa imo ndani ya mwonjaji, inaweza kuwa na mashiko nje yake.

Ruiru ina kisa kinachozidi hicho kwa uzito, na chenyewe hakikutungwa. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha hapo kilitoa aina mpya ya mbuni, ikaitwa Ruiru 11. Ilizalishwa ili istahimili maradhi mawili yaliyowafilisi wakulima, yaani chule buni na kutu ya majani, na umbo lake fupi liliwezesha miche mingi zaidi kupandwa katika eka moja. Aina kongwe zilizotangulia, SL28 na SL34, zilichaguliwa katika maabara ya Scott miaka ya 1930, nazo ndizo zilizoijengea kahawa ya Kenya sifa yake duniani. Tangu Ruiru 11 itolewe pamekuwa na ubishi. Wanunuzi wengi wamedai kuwa kikombe chake hakifikii kile cha SL28. Watafiti wamejibu kuwa tofauti hiyo imetiwa chumvi, na kwamba udongo, uvunaji na usindikaji vina neno kubwa zaidi.

Namna ubishi huo unavyoamuliwa ina mafunzo kwa mhakiki. Vikombe hupangwa safu moja. Kahawa iliyomo hukaangwa kwa kiwango kimoja na kupimwa kwa uzito mmoja. Mwonjaji huvuta kijiko kwa sauti, husikiliza ulimi wake, hutema, kisha huandika juu ya ukali, uzito na harufu. Anapoonja hajui kikombe kipi kimetoka kwenye mbuni upi, na wenzake huvionja vikombe hivyo hivyo. Mamlaka ya mwonjaji, kwa hiyo, hayatokani na cheo chake. Yametokana na mambo matatu: ameonja kweli, amelinganisha, na amekubali neno lake lipimwe na neno la mwingine aliyeonja kikombe kile kile. Ni wasomaji wangapi, na wahakiki wangapi, wanaoweza kuyatimiza hata mawili kati ya hayo?

Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka, na mpaka huo ni muhimu kuliko mlinganisho wenyewe. Mwonjaji huhukumu kikombe, hahukumu shamba. Mkulima aliyeshuhudia matunda yake yakisinyaa mtini kwa chule buni anajua jambo ambalo halimo katika kijiko. Kwake, wema wa mbuni ni pamoja na kule kubaki hai hadi mavuno. Isitoshe, kwa miongo mingi ya ukoloni Mwafrika wa Kenya ya kati alizuiwa kuilima kahawa hiyo kwa faida yake mwenyewe. Majaribio madogo yaliruhusiwa miaka ya 1930 katika sehemu kama Kisii, Embu na Meru, na mlango ukafunguliwa kwa upana baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kabla ya hapo aliichuma na kuibeba, lakini ladha yake iliamuliwa na ulimi wa mwingine.

Katika kahawa, kuficha jina la kikombe ni haki, kwa kuwa huondoa upendeleo. Katika kitabu, kuficha jina kunaweza kuwa dhuluma, kwa kuwa kule kitabu kilikotoka, na nani aliyelipa gharama ya utamu wake, ni sehemu ya kilichomo kikombeni. Thika inalithibitisha jambo hili.

4.0 Thika ya Kitabu na Thika ya Msomaji

The Flame Trees of Thika, kitabu cha kumbukumbu cha Elspeth Huxley, kilitolewa London mwaka 1959. Kinasimulia utoto wa binti wa walowezi waliofika Thika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wazazi wamepewa majina ya Tilly na Robin. Kinafunguliwa na safari ya mkokoteni wa ng'ombe kutoka Nairobi, kikaendelea na ujenzi wa nyumba ya nyasi, upandaji wa kahawa, majirani wenye vituko, na miti ya maua mekundu iliyokipa jina. Kiliwapendeza wasomaji wengi wa Uingereza na Marekani, na mwaka 1981 kikafanywa tamthilia ya televisheni. Kwa wengi wao Thika ni jina la ndotoni.

Maoni ya wasomaji hao hayapaswi kudharauliwa. Huxley ana jicho. Anajua namna vumbi jekundu linavyoshika nguo, na namna mtoto anavyosikiliza mazungumzo ya watu wazima bila kuyaelewa yote, akayaelewa kwa namna nyingine. Msomaji anayesema kuwa nathari hiyo imempendeza anasema kweli. Lakini anapovuka na kusema kuwa kitabu hicho ni kizuri, na hasa anaposema kuwa ndivyo Thika ilivyokuwa, amewadai wengine ukubali, na wengine hao ni pamoja na watu wa Thika.

Tuseme msomaji wa pili ni mwanafunzi aliyezaliwa Thika, ambaye babu yake alikuwa kibarua katika mojawapo ya mashamba hayo. Huyu hafungui kitabu akitafuta maua. Hukutana mapema na maelezo kuwa Robin alilinunua shamba katika baa ya Hoteli ya Norfolk, Nairobi, kutoka kwa Mwingereza mwenziwe aliyevaa tai ya shule ya Eton. Msomaji wa kwanza hucheka hapo, na mwandishi alikusudia achekwe huyo baba anayedanganyika kwa urahisi. Msomaji wa pili huona biashara iliyokamilika baina ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa aliipataje ardhi hiyo. Kicheko kimetangulia na swali limebaki nyuma.

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa hadharani. Mwaka 1932 na 1933 Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter, ilisikiliza madai ya Agĩkũyũ juu ya ardhi waliyoipoteza katika wilaya ya Kiambu na kandokando yake. Ripoti yake ya mwaka 1934 ikathibitisha mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu. Jomo Kenyatta, ambaye nyumbani kwake Gatundu hakuko mbali na Ruiru wala Thika, aliiweka mila ya umilikaji wa ardhi mwanzoni mwa hoja yake katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938. Yeye na Huxley walipata kuhudhuria semina za Bronislaw Malinowski London katika miaka hiyo hiyo. Huxley mwenyewe, katika riwaya yake Red Strangers ya mwaka 1939, alijaribu kuusimulia ujio wa Wazungu kwa jicho la ukoo wa Kigĩkũyũ. Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha 1959 alijua kuwa kipo kikombe kingine mezani. Katika kitabu hiki aliamua msimulizi awe mtoto, na mtoto haulizwi hati ya shamba.

Mwaka huo wa 1959 una uzito wake. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, na tarehe 3 Machi mahabusu kumi na mmoja walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Wakati kitabu hicho kikisomwa London kwa furaha, wengi waliokuwa na ushahidi tofauti juu ya ardhi walikuwa kizuizini, au walikuwa wametoka huko wakiwa hawana pa kurudi. Msomaji wa London hakuwa na hatia kwa kuwa na furaha. Hatia, ikiwa ipo, imo katika kudhani kuwa furaha hiyo ilikuwa ndiyo kipimo cha kitabu.

Je, basi, msomaji wa pili ndiye mwenye haki na wa kwanza amekosea? Jibu la haraka litakuwa ndiyo, nalo limetolewa mara nyingi katika vyumba vya mihadhara. Lakini jibu hilo humpa mtu mamlaka kwa kuzaliwa kwake, kama vile jibu la zamani lilivyompa kwa rangi yake. Kuzaliwa Thika humpa msomaji ushahidi asioweza kuwa nao mwingine. Hakumpi ruhusa ya kutosoma. Akisema kuwa kitabu hicho ni cha mlowezi na kwa hiyo hakifai, naye ameliondoa -ni- katika kauli yake. Amemeza maumivu yake na kuyatema kama kanuni.

Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kingine. Kati ya maoni mawili yanayopingana, yenye uzito zaidi ni yale yanayoweza kuyaeleza maoni ya upande wa pili bila kuyapotosha. Msomaji wa Thika akikisoma kitabu cha Huxley kwa subira anaweza kueleza kwa nini kinapendeza: anaweza kuonyesha jinsi sauti ya mtoto inavyomvuta msomaji, jinsi mzaha unavyowapunguzia walowezi ukali wao, na jinsi uzuri wa mandhari unavyochukua nafasi ya swali. Anaweza kuukubali ustadi huo na papo hapo kuutaja kuwa ndio njia ambayo dhuluma imepitia. Msomaji wa London, akibaki pale pale aliposimama, hawezi kueleza kwa nini kitabu hicho kimuumize mtu. Maumivu hayo yatamjia kama chuki isiyo na sababu. Hii ndiyo tofauti ya uzito baina yao, nayo haikuandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Msomaji wa London akiitafuta ripoti ya 1934 na kukisoma kitabu upya, uzito wa maoni yake utabadilika. Na msomaji wa Thika akikataa kukisoma, wa kwake utapungua.

5.0 Msomaji mbele ya Wenzake

Mifano iliyotangulia imemchukulia msomaji kuwa mtu mmoja aliyeketi kimya na kitabu chake. Hali haikuwa hivyo daima katika Kenya ya kati. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alianza kuiandika Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1978 juu ya karatasi za msalani akiwa kizuizini Kamiti, gereza lililo jirani na Ruiru. Riwaya hiyo ilitolewa mwaka 1980. Katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986 ameeleza jinsi ilivyopokewa: familia zilikusanyika jioni kumsikiliza mmoja wao akisoma, wafanyakazi walisomewa kiwandani wakati wa mapumziko ya mchana, ilisomwa katika matatu, na katika baa msomaji aliendelea hadi bilauri yake ilipokauka, akakiweka kitabu chini mpaka mtu alipomwagizia nyingine.

Maelezo hayo yamezoeleka kutajwa kama ushahidi wa nguvu ya lugha za Kiafrika, na kwa haki. Yana funzo jingine juu ya maoni. Msomaji wa baa hawezi kulifichua wala kulificha neno peke yake. Akisema mhusika fulani ni mwizi, yupo aliyekaa kando atakayemuuliza amelitoa wapi. Na kwa kuwa ukurasa ungali wazi, utasomwa tena. Kila maoni hutolewa mbele ya mtu anayeweza kuyajibu, na mtolewaji habari anajulikana kwa jina, kazi na deni lake la wiki iliyopita. Kiambishi -ni- hakiwezi kupotea mahali ambapo msemaji anaonekana.

Kinyume chake kilijitokeza miaka michache baadaye. Matigari ilitolewa kwa Gĩkũyũ mwezi wa Oktoba 1986. Kwa maelezo ya Ngũgĩ katika toleo la Kiingereza la mwaka 1989, mapema mwaka 1987 wakuu wa usalama walipata habari kuwa wakulima wa Kenya ya kati walikuwa wakimzungumzia mtu aitwaye Matigari aliyezunguka nchini akiulizia ukweli na haki. Amri ikatolewa akamatwe. Ilipogunduliwa kuwa ni mhusika wa riwaya, kitabu chenyewe kikakamatwa madukani mwezi wa Februari. Kisa hiki huchekesha, lakini kina ukweli mchungu. Hayo nayo yalikuwa maoni juu ya kitabu, na pengine ndiyo yenye nguvu zaidi yaliyopata kutolewa juu ya riwaya yoyote nchini, nayo yalitolewa kabla ya kusoma. Yalikosa kila sharti la mwonjaji wa Ruiru: hayakuonja, hayakulinganisha, hayakukubali kujibiwa.

Ni rahisi kuilaumu dola. Lakini tofauti kati yake na mwanazuoni anayekitupilia mbali kitabu kwa kusikia jina la mwandishi wake ni ya nguvu tu, si ya aina. Mmoja ana askari, mwingine ana kalamu ya kutunukia alama. Wote wawili wamehukumu bila kushuhudia.

6.0 Maoni ya Kukopa

Lipo kundi la wasomaji ambalo ni kubwa kuliko yote yaliyotajwa, nalo ni la wanafunzi wa shule za upili. Kwa wengi wao, kitabu teule cha mtihani ndicho riwaya ya kwanza kusomwa hadi mwisho, na pengine ya mwisho. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa mwaka 1996 na baadaye kuteuliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, iliwapa wanafunzi wengi rafiki katika Kongowea Mswahili. Hata hivyo, mwanafunzi hakuulizwa katika karatasi yake iwapo Kongowea alimpendeza. Aliulizwa maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi, na majibu yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika mwongozo uliouzwa kando ya riwaya yenyewe. Wapo walionunua mwongozo pekee.

Hapa dhuluma haimwangukii mwandishi, inamwangukia msomaji. Amefundishwa kusema "ni kizuri" kabla hajapata nafasi ya kusema "kimenipendeza" au "kimenichosha". Hukumu aliyo nayo ni ya kukopa, na ushahidi hana. Akifika chuo kikuu, iwe Kahawa, Juja au Thika, huonekana kuwa hana maoni. Huenda anayo, lakini aliambiwa mapema kuwa hayana alama.

Kwamba anayo, soko limethibitisha. David Maillu alipoanzisha kampuni yake ya Comb Books na kutoa My Dear Bottle mwaka 1973 na After 4.30 mwaka uliofuata, vijitabu hivyo vilinunuliwa kwa wingi usio wa kawaida, huku wahakiki, Chris Wanjala akiwa miongoni mwao, wakiikosoa vikali fasihi pendwa ya namna hiyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini mauzo si hoja, kwani anayenunua amesema kwa sarafu tu na sarafu haina sababu. Wala lawama ya mhakiki haikuwa hoja kamili, iwapo hakueleza karani wa Nairobi alikiona nini katika After 4.30 ambacho hakukiona katika vitabu vya silabasi. Pande hizo mbili zilipishana njiani bila kusalimiana. Kigezo kilichopendekezwa katika sehemu ya nne kingezilazimisha zisimame: mhakiki aieleze raha ya karani, na karani aieleze shaka ya mhakiki.

Kwa mwalimu wa fasihi, hili lina matokeo ya vitendo. Kazi yake ya kwanza darasani ni kumrudishia mwanafunzi nafsi iliyoondolewa katika kauli, na ya pili ni kumfundisha kuwa nafsi hiyo haitoshi. Akiifanya ya pili bila ya kwanza, huzalisha wakariri wa miongozo. Akiifanya ya kwanza bila ya pili, huzalisha watu wanaodhani kuwa kupendezwa ni kujua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa maoni ya msomaji ni aina ya ushahidi, na kwamba hukumu juu ya kitabu huwa halali pale tu inapobeba ushahidi huo waziwazi. Masharti yake ni machache: awe amesoma, awe amesema alisimama wapi aliposoma, awe tayari kujibiwa, na aweze kuyaeleza maoni yanayompinga. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada. Hakuna pia hata moja ambalo shahada hulitimiza kwa niaba ya mtu.

Inaweza kudaiwa kuwa masharti haya ni mazito mno kwa msomaji wa kawaida, ambaye alitaka tu kumwambia rafiki yake kuwa kitabu fulani kinafaa. Lakini msomaji huyo, anapomwambia rafiki yake, kwa kawaida huyatimiza yote bila kujua. Rafiki anamjua alikotoka, humuuliza, humbishia, na jioni ikipita wote wawili huwa wamekiona kitabu vizuri zaidi. Uzito huanza pale maoni yanapoandikwa, kuchapishwa, kufundishwa au kutolewa amri, yaani yanapowafikia watu wasiomjua msemaji. Hapo ndipo inapompasa aseme wazi kile ambacho rafiki yake angekijua bila kuambiwa.

Vitabu juu ya Thika na Ruiru vitaendelea kuandikwa, na vingine vitasomwa mbali sana na hapo. Wasomaji wa mbali watakuwa na haki ya kufurahi. Wasomaji wa hapo watakuwa na haki ya kuuliza shamba lilinunuliwa kwa nani. Fasihi itakuwa imewatendea haki wote wawili siku ambayo kila mmoja ataweza kulijibu swali la mwenziwe.